J. Michael Straczynski, mwandishi wa Babylon 5: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huyu Straczynski ni nani?

Ni mwandishi na mtayarishaji wa televisheni wa Kimarekani, mzaliwa wa Paterson, New Jersey, tarehe 17 Julai 1954. Mashabiki humwita JMS, nasi tutamwita hivyo ili tusichoshane. Kazi iliyompa jina ni Babylon 5, tamthilia kuhusu kituo kikubwa kinachoelea angani katika karne ya 23, ambako wanadamu na viumbe wa sayari nyingine wanakutana kufanya biashara, kugombana na kujaribu kuzuia vita. Ilionyeshwa kuanzia 1993 hadi 1998. Yeye ndiye aliyeibuni, akaiandika karibu yote na kusimamia utengenezaji wake. Mtu mmoja kuyafanya yote matatu kwa miaka mitano mfululizo ni jambo la nadra, na ndiyo sababu tumemtengea ukurasa mzima.

Jina lake linatamkwaje?

Strazinski. Hiyo "c" imeze tu.

Alianzaje kuandika?

Nyumbani kwao hapakuwa mahali pa kulelea mtoto. Baba alikuwa mlevi na mpigaji, familia ikihamahama kukwepa wadai, na kabla JMS hajawa mtu mzima walikuwa wamehama zaidi ya mara 20. Mtoto anayebadilisha shule kila kukicha hana rafiki wa kudumu. Yeye rafiki zake wakawa vitabu vya vibonzo, Superman akiwa wa kwanza. Haya ameyasimulia mwenyewe katika tawasifu yake ya mwaka 2019. Anayetaka kuisoma ajiandae, kurasa za mwanzo ni nzito.

Alisoma saikolojia na sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, ingawa alijulikana zaidi kwenye gazeti la wanafunzi, ambalo alilijaza makala hadi wenzake wakalibandika jina lake kwa utani. Baada ya hapo akawa mwandishi wa habari, na mwaka 1981 akahamia Los Angeles. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha kufundisha uandishi wa miswada ya filamu na televisheni, wakati yeye mwenyewe bado hajapata ajira ya maana kwenye televisheni. Mtu wa namna hiyo ama ni mbishi, ama anajua kitu.

Ni kweli alianzia kwenye katuni?

Ni kweli. Katikati ya miaka ya 1980 aliandika He-Man na She-Ra, kisha akawa mhariri wa hadithi wa The Real Ghostbusters. Huko ndiko alikoonja shubiri ya kwanza. Televisheni iliyokuwa ikirusha katuni hiyo ilileta washauri wa mambo ya watoto, nao wakaja na orodha ya marekebisho. Katibu wa ofisi, Janine, alionekana mkali mno, basi alainishwe. Miwani yake yenye ncha nayo ibadilishwe, kwa kuwa eti watoto wanaogopa vitu vyenye ncha. JMS aliona hadithi inaharibiwa na watu wasioandika, akafunga virago.

Kufunga virago ni tabia utakayoiona tena na tena katika maisha yake ya kazi. Wapo wanaomsifu kwa hilo na wapo wanaosema alijiponza. Mimi naona yote mawili ni kweli.

Mwandishi anakuwaje mtayarishaji? Si kazi mbili tofauti?

Swali hili huulizwa sana na watu wa kwetu, na ni haki yao, kwa sababu wengi tumezoea mtayarishaji kuwa mwenye pesa, mwongozaji kuwa bosi, na mwandishi kuwa yule anayeleta karatasi na kuambiwa asante. Katika filamu za sinema Wamarekani nao ndivyo walivyo. Kwenye tamthilia za televisheni mambo ni kinyume. Mwongozaji ni mgeni. Anakuja wiki mbili tatu, anapiga sehemu yake moja, anaondoka. Anayebaki mwaka mzima, anayejua hadithi imetoka wapi na inakwenda wapi, ni mwandishi. Ndiyo maana mwandishi hupandishwa ngazi kwa ngazi: anaanza kwa kuuza mswada mmoja, anaajiriwa, anakuwa mhariri wa hadithi za wenzake, kisha anapewa cheo cha utayarishaji, na mwisho anakabidhiwa tamthilia nzima. Akifika hapo ndiye anayechagua waigizaji, anayeketi na wahariri wa picha, anayesikiliza muziki, na anayeambiwa pesa ya seti imekwisha.

JMS aliipanda ngazi hiyo moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mhariri wa hadithi katika The Twilight Zone mpya. Huko alipewa hata kazi ya kumalizia muhtasari ulioachwa na Rod Serling, mwanzilishi wa tamthilia ya asili, aliyefariki 1975. Baadaye akawa miongoni mwa watayarishaji wa Murder, She Wrote, ile ya mama mtunzi wa riwaya ambaye kila aendako lazima afe mtu. Haikuwa kazi ya mambo ya angani, ila ilimfundisha kumaliza mswada kwa wakati na kwa bajeti, somo lililokuja kumwokoa.

Wazo la Babylon 5 lilitoka wapi?

Alikuwa na mawazo mawili yanayosumbuana. La kwanza ni hadithi kubwa ya vita na falme zinazoinuka na kuanguka, ghali kupita kiasi. La pili ni hadithi ndogo ya kituo kimoja cha angani, ambayo gharama yake inabebeka. Anasimulia kwamba siku moja akiwa bafuni anaoga ikamjia ghafla kuwa ni hadithi moja. Hakuna haja ya kwenda kwenye vita, weka watu mahali pamoja na vita itawajia. Seti zilezile zitatumika kila wiki, na dunia nzima itapita mlangoni.

Akaandika mpango wa misimu mitano, na mwisho wake ukiwemo. Hapo ndipo palipokuwa na jambo jipya. Enzi hizo tamthilia za Kimarekani zilitengenezwa zisiishe. Kila sehemu ilianza na kumalizika yenyewe ili vituo viweze kuzirudia bila mpangilio, na zikipendwa ziliendeshwa mpaka watazamaji wachoke. Yeye alitaka riwaya ya televisheni yenye mwanzo, katikati na mwisho. Kama msuka mkeka, alitaka kujua upana kabla ya kuanza ukili. Alizunguka na mpango huo miaka kadhaa akikataliwa, hadi Warner Bros. wakakubali. Filamu ya majaribio ikaonyeshwa Februari 1993 na tamthilia yenyewe ikaanza Januari 1994.

Ni kweli Star Trek waliiba wazo lake?

Yaliyo wazi ni haya: mpango wa Babylon 5 ulipelekwa Paramount, studio yenye Star Trek, mwaka 1989, wakaukataa. Mwaka 1993 Paramount hiyohiyo ikazindua Star Trek: Deep Space Nine, nayo ikiwa ni hadithi ya kituo cha angani. JMS hakwenda mahakamani, na amewahi kusema kuwa haamini waandishi wa upande ule walikula njama. Mashabiki wa pande zote mbili bado wanagombana. Waache.

Ni kweli aliandika sehemu 92 peke yake?

Ndiyo, 92 kati ya 110. Kila msimu ulikuwa na sehemu 22. Msimu wa tatu na wa nne aliandika zote, 44 mfululizo bila mwandishi mwingine, na msimu wa tano aliandika 21. Ile moja iliyobaki ilikuwa ya Neil Gaiman. Waandishi wengine, wakiwemo D. C. Fontana, Peter David na Larry DiTillio, walishiriki zaidi katika misimu miwili ya mwanzo.

Na huku anaandika, bado ndiye mtayarishaji mkuu. Anaamka, anaandika, anakwenda kwenye seti, anarudi, anaandika tena. Ubaya wake unaonekana ukitazama kwa makini. Kuna wakati wahusika wote wanaongea kwa sauti moja, ya JMS, na vichekesho vyake vingine havichekeshi. Uzuri wake ni kwamba neno lililotupwa kama kokoto katika msimu wa kwanza linaokotwa katika msimu wa nne, nawe unashika kichwa. Chumba cha waandishi kumi kingeweza kufanya hivyo, ila kwa mikutano mingi.

Alipangaje hadithi ya miaka mitano wakati waigizaji huondoka?

Kila mhusika alitengenezewa mlango wa uani. Tangu mwanzo alijua kuwa mwigizaji fulani akiondoka, akiugua au akidai pesa isiyokuwepo, mhusika wake atatokea wapi na nani atabeba sehemu yake ya hadithi.

Mlango wa kwanza ulitumika mapema kuliko alivyotaka. Michael O'Hare, aliyeigiza kamanda wa kituo, Jeffrey Sinclair, aliondoka baada ya msimu wa kwanza, na kwa miaka karibu ishirini watu walibuni kila aina ya sababu. Ukweli ni kwamba O'Hare alikuwa akiugua maradhi ya akili, yakimletea mashaka na kuona yasiyokuwepo, katikati ya upigaji picha. JMS alijitolea kusimamisha kazi ili mwenzake atibiwe. O'Hare akakataa, akihofia wenzake kupoteza ajira na tamthilia kufa. Wakakubaliana amalize msimu kisha aondoke kimya kimya. JMS aliahidi kuitunza siri hiyo mpaka kaburini. O'Hare alimjibu aitunze mpaka kaburi lake yeye O'Hare, kisha aiseme, ili watu wajue ugonjwa huu unaweza kumpata yeyote. O'Hare alifariki Septemba 2012. Mwaka 2013 JMS akasimama mbele ya mashabiki akaisema.

Katika msimu wa tatu O'Hare alirudi kwa sehemu mbili na hadithi ya Sinclair ikafungwa. Ilifungwa vizuri kiasi kwamba usipoambiwa utadhani ndivyo ilivyopangwa tangu siku ya kwanza.

Bajeti ndogo ilitosha vipi kutengeneza anga?

Kituo kizima kilijengwa ndani ya ghala la zamani huko Sun Valley, Los Angeles. Vyombo vya angani havikuwa vidude vya plastiki vinavyopigwa picha, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, bali vilichorwa kwa kompyuta. Ron Thornton na wenzake wa Foundation Imaging walianza na kompyuta za Amiga, mashine ambazo mtu angeweza kuwa nazo nyumbani, na filamu ya majaribio ikashinda tuzo ya Emmy ya picha maalumu. Babylon 5 ndiyo iliyowaonyesha wengine kuwa njia hiyo inawezekana kila wiki.

Leo picha hizo zimezeeka, tusidanganyane. Tena DVD za mwanzo zilizidi kuziharibu, kwa sababu waigizaji walipigwa picha kwa upana mkubwa huku za kompyuta zikiwa za umbo la televisheni ya zamani, na wakazikata ili zilingane. Toleo lililosafishwa la mwaka 2021 limerudisha umbo la zamani na linatazamika zaidi.

Hadithi za angani zinatuhusu nini sisi?

Mtazame Londo na G'Kar. Londo, anayeigizwa na Peter Jurasik, ni balozi wa Centauri, dola iliyotawala makoloni mengi na sasa inaishi kwa kumbukumbu. G'Kar, anayeigizwa na Andreas Katsulas, ni balozi wa Narn, taifa lililotawaliwa na Centauri hao hao kisha likajikomboa kwa damu. Mwanzoni unamcheka Londo na kumchukia G'Kar. Kufikia msimu wa pili mambo yamegeuka, ukoloni umerudi na mabomu juu. Londo, aliyetaka tu taifa lake liheshimiwe kama zamani, anatazama dirishani anachokifanya. Haneni. Kwa mtu aliyekulia katika nchi iliyowahi kutawaliwa, mandhari ile haihitaji maelezo ya viumbe wa ajabu. Balozi Delenn naye aliigizwa na Mira Furlan wa Zagreb, aliyeikimbia Yugoslavia ikivunjika kwa vita.

Ni kweli haamini Mungu? Mbona dini zimejaa?

Amesema mara nyingi kuwa haamini. Hata hivyo alishikilia kuwa dini imedumu na wanadamu maelfu ya miaka na haitatoweka karne mbili zijazo, hivyo mwandishi mkweli hawezi kuifuta kwa kuwa yeye haipendi. Katika sehemu moja ya msimu wa kwanza kila sayari inaombwa ionyeshe imani yake kuu. Zamu ya Dunia ikifika, kamanda anawapeleka mabalozi kwenye mstari mrefu wa watu na kuanza kuwatambulisha mmoja mmoja: asiyeamini, padri Mkatoliki, Mbudha, Mwislamu, Myahudi, na mstari unaendelea hadi kamera inaondoka haujaisha.

Naweza kumtumia wazo langu la hadithi?

Hapana, na sababu yake ina kisa. JMS alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa kwanza kuzungumza na mashabiki moja kwa moja kwenye kompyuta, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wengi hawajawahi kulisikia neno intaneti. Alijibu maswali, akatukanwa, akajibu tena. Sharti lilikuwa moja tu: mtu asiandike wazo la hadithi. Shabiki mmoja akajisahau, akaandika kitu kilichofanana na mswada ambao JMS alikuwa nao tayari, wa mtawa anayegundua kuwa zamani alikuwa muuaji na kumbukumbu zake zilifutwa. Ikabidi mswada uwekwe kando mpaka shabiki huyo alipotia saini kuwa hadai chochote. Ulionyeshwa katika msimu wa tatu, na ni miongoni mwa bora.

Basi alitajirika?

Alilipwa mshahara wa mwandishi na mtayarishaji, na ada za marudio. Ile sehemu ya faida iliyokuwa kwenye mkataba, sahau. Amesema hadharani kuwa, ingawa tamthilia na DVD zake ziliingiza mamia ya mamilioni ya dola, vitabu vya hesabu vya studio vilionyesha bado ina deni la dola milioni 80. Alitania kwamba kwa mkataba wake, seti ya filamu nyingine ikiungua Botswana, hasara inaweza kuandikwa kwa Babylon 5. Kwa nini Botswana, hakueleza.

Baada ya Babylon 5 alifanya nini?

Mwendelezo wake, Crusade, ulikatwa mwaka 1999 baada ya sehemu 13, baada ya mabishano na kituo cha TNT. Tamthilia yake nyingine, Jeremiah, ilidumu misimu miwili, nayo akaiacha kwa ugomvi. Wakati huohuo alikuwa anaandika vibonzo vya Spider-Man, tangu 2001 hadi 2007.

Kilichomrudisha mezani ni karatasi kuukuu. Mtu aliyemfahamu katika ofisi za jiji la Los Angeles alimdokeza kuwa kuna nyaraka za zamani zinakwenda kuchomwa. Humo akakuta kesi ya mwaka 1928 ya Christine Collins, mama aliyepotelewa na mtoto, polisi wakamletea mtoto mwingine na kumlazimisha akubali kuwa ni wake. Alikataa, wakamtia hospitali ya wagonjwa wa akili. JMS alichimba habari hiyo kwa muda mrefu, kisha mswada akauandika kwa siku 11. Clint Eastwood akauongoza mwaka 2008 kwa jina Changeling, na JMS akateuliwa kuwania BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Nampenda zaidi hapa kuliko kwenye vibonzo. Uanahabari wake wa ujanani haukupotea bure.

Alifikaje Nairobi?

Kwa Sense8, aliyoibuni pamoja na dada wawili Wachowski, na iliyoanza kuonyeshwa Netflix tarehe 5 Juni 2015. Watu wanane wasiojuana, katika miji mbalimbali, wanajikuta akili zao zimeunganishwa. Mmoja ni Capheus, dereva wa matatu wa Nairobi, shabiki wa Jean-Claude Van Damme kiasi cha kuipa matatu yake jina la Van Damn. Mama yake anaishi na UKIMWI na dawa za kweli hazipatikani kirahisi. Nairobi ni Nairobi kweli, si seti ya Los Angeles. Sehemu za jiji hilo katika msimu wa kwanza ziliongozwa na Mjerumani Tom Tykwer, ambaye tayari alikuwa na miaka ya kufanya kazi na watengenezaji filamu wa Kenya.

Pongezi zikitolewa, na lawama zitolewe. Capheus aliigizwa na Mwingereza, Aml Ameen, na katika msimu wa pili na Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Anaongea Kiingereza hata pale ambapo dereva wa matatu angekuwa anamwaga Sheng. Hadithi inatuomba tuamini kuwa kila mtu anaongea lugha yake na sisi tunasikia Kiingereza, lakini sikio la mtu wa River Road halidanganyiki. Hata hivyo Capheus ndiye mcheshi na mkunjufu kuliko wenzake wote saba, na hiyo matatu imepakwa rangi kwa mapenzi.

Netflix waliifuta tarehe 1 Juni 2017. Mashabiki wakapiga kelele dunia nzima, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kuwa kutakuwa na sehemu ndefu ya mwisho, iliyotoka Juni 2018. JMS hakuwa miongoni mwa walioiandika.

Nianze kutazama wapi?

Anza na msimu wa kwanza wa Babylon 5, ile filamu ya majaribio utairudia baadaye. Vumilia sehemu kama kumi, nyingine ni dhaifu na sitakuficha. Ukifika katikati ya msimu wa pili, kwenye The Coming of Shadows, iliyoshinda Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi za kubuni, mwaka 1996, utajua kama hii ni ya kwako au la.

Sehemu ya mwisho kabisa ilipigwa picha mwaka mmoja kabla, JMS akihofia hawatapewa msimu wa tano, kisha ikawekwa kabatini hadi Novemba 1998. Usiitazame kabla ya wakati wake. Na ukifika pale kituo kinapofungwa, mwangalie usoni yule fundi asiye na jina anayeingia kuzima taa. Ni JMS mwenyewe.